Vidole Kumi vya Mama Mkwe

Joram hakuwa mwizi. Tuelewane hapo mapema, kwa sababu yeye mwenyewe angeumia moyo kusikia akiitwa hivyo. Mwizi huchukua kitu chako ukiwa umelala. Joram alikichukua ukiwa macho, ukimtazama usoni, tena ukimshukuru na kumkaribisha chai.

Jumapili moja ya mwaka wa tisini na moja alikuwa soko la Kibuye, mjini Kisumu, akiuza dawa ya panya. Biashara ilikuwa mbaya. Panya wa Kisumu walikuwa wameizoea dawa ile mpaka wakaanza kunenepa, na wateja wawili walikuwa wakimtafuta sokoni kwa sauti kubwa. Ndipo gari jeupe likasimama karibu na wauza nyanya, akashuka mama mmoja mgeni kutoka Nairobi. Akanyoosha mkono kuchagua nyanya, na soko upande ule likanyamaza.

Kucha zake zilikuwa za dhahabu. Si rangi ile ya chupa ambayo kila mtu anaijua. Hizi zilimetameta kama karatasi ya peremende. Mwuza nyanya, ambaye hajawahi kumpunguzia bei hata dada yake wa tumbo moja, akapunguza bila kuombwa.

“Mama, hiyo kucha umefanya aje?” akauliza.

“Inaitwa foili,” mgeni akasema. “Unajibandika mwenyewe nyumbani. Rahisi kabisa.”

Katika maneno hayo yote Joram alisikia mawili tu: mwenyewe, na nyumbani. Kitu ambacho mteja amejibandika mwenyewe, nyumbani kwake, kikiharibika, aliyekiharibu ni nani? Si aliyekiuza. Joram akaiacha dawa ya panya pale pale chini na kuondoka kwa heshima, kama mtu aliyeitwa na serikali.

Dhahabu yenyewe haikumpa taabu. Katika baa ambazo wakubwa wa mji walikunywa, sakafu iliamka kila asubuhi imejaa pakiti tupu za sigara ya bei, ile ambayo karatasi yake ya ndani ni ya rangi ya dhahabu. Wafagiaji walimpa gunia zima kwa bei ya chai. Joram alizilowesha karatasi hizo kwenye karai, akabandua ile ngozi nyembamba inayong'aa, akaianika chumbani kwake Nyalenda na kuinyoosha kwa pasi iliyokaribia kupoa. Gundi alipika mwenyewe: uji wa unga wa ngano, mwembamba, na tone moja la manukato ili usinukie chapati. Akaupima kwenye vichupa vya dawa ya macho.

Kilichobaki kilikuwa karatasi ya maelezo, kwa sababu bidhaa isiyo na maelezo haiwezi kuwa imetoka Itali. Akaenda kwenye ofisi ndogo ya kupiga taipu karibu na posta, na huko akakutana na Aoko.

Aoko alikuwa na mashine kuukuu ambayo herufi yake ya k ilikuwa imechoka. Herufi nyingine zote zilisimama kwenye mstari, lakini k ilianguka chini kidogo kila ilipopigwa. Alikuwa msichana mwenye macho yanayocheka kabla ya mdomo.

“Soma pole pole,” akasema.

“Moja, osha kucha, kausha,” Joram akaanza, mikono nyuma kama mwalimu mkuu. “Mbili, paka gundi nyembamba. Tatu, pulizia gundi mpaka iache weupe. Nne, weka foili, upande wa kung'aa uangalie juu, kandamiza mpaka ishike, kata pembeni. Tano, paka cutex isiyo na rangi. Sita, usiguse maji siku tatu.”

Mashine ikanyamaza.

“Siku tatu? Mwanamke gani wa hii Kisumu hagusi maji siku tatu?”

“Yule ako na mboch wa kumfanyia kazi.”

“Na yule hana?”

“Huyo,” Joram akasema kwa upole, “ataniambia mimi kwamba hana?”

Aoko alijaribu kukasirika. Alikaza uso kabisa. Kisha kicheko kikamponyoka, akajificha nyuma ya mashine mabega yakitikisika, na Joram, ambaye alikuwa amewachekesha wanawake wa mji mzima kwa sababu za kibiashara, akagundua kwamba amefurahi bure, bila kuuza chochote. Jambo hilo lilimsumbua njia yote mpaka nyumbani.

Kanuni ya sita ilifanya kazi kuliko gundi. Chukua mfano wa Mama Dorca, mke wa karani, aliyeishi kwenye nyumba za reli. Jumatatu alinunua bahasha moja, yenye foili, kichupa cha gundi na karatasi ya maelezo. Jumatano, Joram akipita, akamkuta mlangoni na kucha tupu.

“Kijana! Hii kitu yako imetoka yote!”

“Ai, pole sana, Mama,” Joram akasema, tena kwa sauti ya kusikika. “Kwani msichana wako wa kazi alienda kwao?”

Jirani aliyekuwa akianika nguo upande wa pili wa ua aliacha kuanika. Mama Dorca akamwona. Msichana wa kazi hakuwapo, hakuwahi kuwapo, na karani hakuwa na mpango wa kumleta.

“Msichana yuko,” Mama Dorca akasema. “Yuko ndani.”

“Sasa maji ilikupata wapi, Mama?”

“Ni mvua.”

Mvua ilikuwa haijanyesha wiki tatu. Joram akatazama mbingu iliyo wazi, akatikisa kichwa kwa masikitiko, na kufungua mkoba.

“Mvua ya siku hizi ni mbaya. Nikuongezee bahasha moja?”

Akamwongezea mbili, kwa bei ile ile. Ikawa hivyo nyumba baada ya nyumba. Akina mama walisugua sufuria wakiwa wamefunga milango, kisha wakatoka nje na kulalamikia mvua, umande na jasho. Mwezi ule Kisumu ilijaa wasichana wa kazi ambao hakuna aliyewahi kuwaona, na mkebe wa mafuta ya kupikia uliokuwa chini ya kitanda cha Joram ulijaa noti mpaka kifuniko kikagoma.

Kila alipoishiwa na maelezo alirudi kwa Aoko. Baadaye alirudi hata kabla hayajaisha. Alimletea mahindi ya kuchoma, akakaa kwenye benchi la wateja, akamsimulia habari za mvua na za pakiti za sigara. Siku moja akajisikia akisema, bila kupanga, kwamba anataka kumuoa. Maneno yalimtoka yamekauka, bila mapambo yoyote, akashindwa hata kuyaongezea chumvi.

“Mimi siolewi na mkoba,” Aoko akasema. “Kwanza Mama akuone.”

“Mama yako anafanya kazi gani?”

“Anauza samaki.”

Joram hakuuliza zaidi. Wauza samaki aliwapenda. Mmoja alikuwa mteja wake.

Huyo mteja ndiye Mama Rosa wa ufuo wa Dunga, mwenyekiti wa kina mama kanisani. Alitaka kung'ara kwenye mkutano wa kina mama wa Jumapili, lakini vidole vyake, vilivyochomwa na miiba ya samaki miaka ishirini, havikuweza kushika kipande chembamba kama kile. Kwa hiyo Joram alikaa mbele yake sebuleni, akavishika vidole kimoja kimoja, akapaka gundi, akainama na kuvipulizia. Mama Rosa alisema hata mume wake hajawahi kumshika mkono kwa adabu namna ile.

Foili ilidumu mpaka samaki wa kwanza. Kesho yake asubuhi mteja mmoja wa Dunga alipata dhahabu kwenye mashavu ya samaki aina ya ngege, akaenda nayo kwa sonara. Joram alipokuja na swali lake kuhusu msichana wa kazi, Mama Rosa alimtazama tu.

“Msichana gani? Mimi naosha samaki kutoka asubuhi. Maji ndio kazi yangu. Kila mtu hapa anajua.”

Joram akakumbuka kwamba ana miadi mjini. Hakuwahi kukutana na mwanamke ambaye haoni haya kuosha vitu vyake.

Na mambo yangeishia hapo kama si pua ya Mzee Absalom. Mzee Absalom, mume wa Mama Rosa, alikuwa mzee wa kanisa, na alikuwa ameacha sigara miaka miwili iliyopita kwa mateso makubwa. Mchana ule, kabla ya kula, alishika mkono wa mkewe ili waombe. Kipande kimoja kilikuwa bado kimeng'ang'ania kidole gumba. Mzee akavuta pumzi. Akavuta tena, pole pole zaidi, macho yamefumba.

“Rosa,” akasema, “umeanza lini kuvuta?”

“Kuvuta nini?”

“Sigara. Tena si ile yetu ya maskini. Hii ni ya wakubwa.”

Alisema kwa huzuni iliyochanganyika na wivu, na alisema kwa sauti, na dirisha lilikuwa wazi. Kufikia Jumapili habari ilikuwa imemaliza ufuo. Mama Rosa alifika kanisani akakuta kiti cha mwenyekiti kimekaliwa na makamu wake, na akaombwa, kwa lugha tamu sana, apumzike kidogo mpaka ashinde jaribu lake. Miaka kumi na moja alikuwa amekalia kiti kile. Alirudi nyumbani akalia mpaka kitambaa kikalowa, na nikwambie ukweli, mimi niliyecheka habari za mvua sikucheka hapo.

Kisha akapangusa macho, akachukua karatasi ya maelezo, akaisoma upya. Kila k ilikuwa imeanguka. Akatoa ratiba ya ibada ya Pasaka kwenye Biblia yake. Kila k ilikuwa imeanguka. Asubuhi ya Jumatatu alikuwa amesimama mbele ya mashine ya Aoko.

Aoko, ambaye aliimba kwaya kanisa lilo hilo, alisema yote. Alisema kuhusu pakiti za sigara na kanuni ya sita, na machozi yalimlengalenga.

“Mama, mimi nilicheka. Nilijua na nikacheka. Sikujua itafika kwako.”

“Na huyo mtu ni nani yako?”

“Anataka kunioa.”

“Wewe unamtaka?”

Aoko akachezea utepe wa mashine. “Ananichekesha. Lakini sitaki kuishi na mtu ambaye siku moja atanichekesha hivyo hivyo akiniibia.”

“Mama yako anasema nini?”

“Mama yuko Port Victoria, hajamwona. Nimemwambia Joram tu kwamba Mama anauza samaki.”

Mama Rosa akaikunja ile karatasi ya maelezo. Halafu akavuta kiti, akakaa.

“Nyathina, mtoto wangu,” akasema, “mimi pia nauza samaki.”

Hapa lazima nimweleze msomaji wa mbali kidogo. Kwa Wajaluo mama wa mke wako anaitwa maro, na maro haguswi ovyo. Mkwe humheshimu kwa umbali. Akimwona njiani yuko tayari kupita porini. Joram alikuwa Mjaluo, lakini wa Kaloleni, amezaliwa mjini na kulelewa na redio. Mila aliijua kwa kusikia sikia, na mtu anayejua nusu huogopa mara mbili.

Jumamosi Aoko alimwambia, “Twende Dunga umwone Mama.” Angalia maneno hayo vizuri. Hakuna neno la uongo ndani yake.

Joram aliazima suti, akanunua sukari na mkate, akatembea nyuma ya Aoko akijifunza salamu. Walipokaribia nyumba, hatua zake zikapungua. Mlango ule aliujua. Kiti kile cha sebuleni chenye kitambaa cha kufuma alikuwa amekikalia. Mzee Absalom alikuwa ameketi mezani, Biblia mbele yake. Pazia likasogea, akatoka Mama Rosa.

“Mama, huyu ndiye Joram,” Aoko akasema.

“Uwi!” Mama Rosa akaficha mikono yote miwili nyuma ya mgongo. “Uwi, Nyasaye, Mungu wangu!”

Mkate ukaanguka. Mzee Absalom hakuwa amesema uongo tangu abatizwe, na alikuwa amemwambia mkewe waziwazi kwamba hataanza sasa. Walikuwa wamekubaliana aulize maswali tu, kwa sababu swali si uongo.

“Kijana,” akauliza, “ni wewe ulishika vidole vya huyu mama?”

“Mzee, ilikuwa kazi tu.”

“Ulishika ngapi?”

“Kumi,” Joram akanong'ona.

“Ulivipulizia na pumzi ya mdomo?”

“Ili gundi ikauke, Mzee.”

“Na sasa unataka kuoa?” Mzee Absalom akavua miwani. “Wewe umewahi sikia mtu amepulizia maro, halafu akapata watoto?”

Joram hakuwahi kusikia. Ni kweli kwamba hakuwahi kusikia kinyume chake pia, lakini hilo halikumjia. Jasho lilikuwa linamtoka mpaka kwenye kola ya suti ya watu. Alimtazama Aoko, na Aoko alikuwa ameinamisha kichwa, mabega yanatikisika. Akadhani analia.

“Mzee, hii haina dawa? Hakuna kitu mtu anaweza toa, mambo isafishwe?”

“Kwani kwenu mtu akikosea hutoa nini?”

“Mbuzi,” Joram akajibu haraka, akibahatisha.

“Kama kidole kimoja ni mbuzi mmoja,” Mzee akauliza, akitazama dari, “vidole kumi ni mbuzi wangapi?”

“Kumi!” Joram akashtuka kwa hesabu yake mwenyewe. “Lakini, Mzee, kidole gumba sikushika sawasawa. Niliegemeza tu.”

“Na hiki kidogo?” Mama Rosa akauliza, akikitoa nyuma ya mgongo na kukirudisha. “Si hiki ulipulizia mara mbili?”

“Ilikuwa inachelewa kukauka, Mama.”

“Basi hicho kitakuwa mbuzi au fahali?”

Kwa mara ya kwanza katika maisha yake Joram alipatana bei akiwa anaipandisha. Aliona watoto wake na Aoko, ambao alikuwa ameshawapa majina, wakififia mmoja mmoja. Mbuzi hakuwa nao, na hakutaka kwenda kuwauliza ami zake, kwa sababu angelazimika kuwaeleza alikuwa anatafuta nini kwenye vidole vya mama mkwe. Akakimbia Nyalenda, akarudi na mkebe, akauweka mezani mzima bila kufungua kifuniko.

“Bei ya mbuzi iko humu, na ya fahali,” akasema. “Ikibaki, isirudi. Mimi namtaka Aoko tu.”

Mzee Absalom akamtazama mkewe, na nadhani kama mambo yangekuwa mikononi mwake angerudisha nusu. Aoko alikuwa ameinua kichwa na hakuwa anacheka tena.

“Je, ni vibaya,” Mama Rosa akauliza hatimaye, sauti yake imepungua makali, “mtu akikaa mbali na Dunga mwezi mmoja, mambo yapoe?”

Joram aliona si vibaya. Alikaa mbali. Hakuuza bahasha hata moja, kwa hofu ya kushika vidole vingine na kuongeza deni kwa mizimu. Alibeba magunia bandarini akala githeri, akahesabu siku. Ya thelathini na moja ilimkuta njiani kwenda kwa Aoko, na hapo karibu na posta akakutana na Mama Dorca.

Alitaka kujificha, lakini Mama Dorca alimkamata mkono na kuutikisa kwa furaha.

“Kijana, Mungu akubariki! Ile pesa ilitufikia. Mama Rosa aliita sisi wote kanisani, akauliza mbele ya watu nani ako na msichana wa kazi. Hakuna mkono ilipanda! Tulicheka mpaka tukalia. Halafu akagawa mkebe, akasema umetubu. Na yeye akarudishiwa kiti yake.”

“Mama mkwe wangu aligawa mkebe?”

“Nani mama mkwe wako?”

“Mama Rosa. Mama ya Aoko.”

Mama Dorca akamtazama kwa huruma. “Rosa ako na vijana wanne. Hajawahi zaa msichana.”

Joram alibaki amesimama njiani watu wakimpita. Wazo lake la kwanza lilikuwa polisi. Akajaribu kulisema moyoni: afande, nimetapeliwa, nililipa mbuzi kumi na fahali kwa kupulizia mama mkwe ambaye si mama mkwe, kwa pesa niliyopata kwa kuuza pakiti za sigara. Aliona jinsi afande angewaita wenzake waje wasikie, na jinsi angemwomba arudie tangu mwanzo. Akaendelea na safari yake.

Aoko alikuwa kwenye mashine. Alimwona, akaacha kupiga.

“Mlinidanganya,” Joram akasema.

“Nani alikudanganya? Nilisema twende umwone Mama. Wewe mwenyewe unawaita akina nani Mama?”

Joram akafikiria. Aliwaita wote. Hilo neno lilikuwa limemfungulia milango ya mji mzima. Alikaa kwenye benchi la wateja, mikono imejaa malengelenge ya magunia, na alipozungumza sauti yake haikuwa na biashara hata kidogo.

“Lakini mimi nilikuwa nakupenda kweli, Aoko.”

“Najua,” Aoko akasema. “Ndiyo maana tulijua utalipa.”